Nna shilingi 60,000 na mama anashona kofia, nianzeje kuuza mtandaoni?

Assalaam alaykum Shangazi,

Natumai u mzima wewe na wote waliokuzunguka. Mimi nna miaka 24, nipo Wete, Pemba. Nlimaliza form four sikuendelea, nkaolewa Unguja, ndoa haikuwa riziki nkarudi kwetu na mwanangu ambae sasa kashaanza skuli ya maandalizi. Tunakaa na mama na mama mdogo.

Wote wawili wanashona kofia za mkono, za kiua, yani yale mapambo ya vitundu ya sindano, tangu mimi sijazaliwa. Kofia moja mama anaikalia mwezi mzima mana anashona baada ya kazi za nyumbani na macho yake si yale tena. Kuna bwana mmoja anakuja kuzinunua, anatoa 35,000, ikiwa nzuri sana 40,000, na kila siku anasema soko limelala. Sasa mwezi uliopita nlikwenda Unguja harusini, nkapita Darajani, nkaikuta kofia ambayo wallahi ni mkono wa mama, mana ile namna anavyomalizia kiua chake naijua hata gizani, inauzwa 80,000. Nlisimama pale hata kusema kitu nkashindwa.

Nna 60,000 nliyoweka kidogo kidogo, na simu, kioo kina ufa lakini kamera haina neno. Nataka kuuza mwenyewe mtandaoni. Shida kila mtu ananambia lake. Shemegi yangu anasema kuna kijana atanitengenezea tovuti na kunipa folowazi elfu kumi kwa 50,000. Shoga yangu anasema nikope 200,000 kwenye zile programu za mikopo za simu, ninunue kofia za majirani nikae na mzigo, mteja akija akute. Baba mdogo anasema mtoto wa kike kujianika mtandaoni ni aibu. Mama nae anaogopa yule bwana akisikia ataacha kununua, na mama alipolazwa hospitali yeye ndo aliyetupa pesa mbele, hatujasahau.

Nafikiria pia niweke na karafuu, udi, visheti na mikoba ya ukili ili peji ionekane imejaa. Laini ninayopokelea pesa imesajiliwa kwa jina la kaka yangu, sijui kama ni tatizo. Naogopa sana kutapeliwa. Peji nimefikiria kuiita Kofia za Mama Pemba. Shangazi nianze wapi?

Binti wa Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu, mpe salamu mama na mama mdogo, na Allah awahifadhie macho yao.

Hiyo 60,000 usimpe yule kijana, na usinunulie kofia hata moja. Nakwambia hili mwanzo kabisa mana najua pesa kidogo ikishatoka mkononi hairudi, na wewe huna nyengine nyuma yake. Hao folowazi elfu kumi si watu, ni akaunti za bandia, hakuna hata mmoja atakaekuuliza bei, na Instagram ikizigundua inazifuta ukabaki na peji tupu na mfuko mtupu. Tovuti nayo jina lake na pahala pa kuihifadhi hulipiwa kila mwaka, mwakani utaipata wapi pesa? Kitu unachokihitaji kipo bure, kinaitwa WhatsApp Business, unakishusha, unaweka picha na bei kwenye katalogi, unaandika saa zako za kujibu, basi duka limefunguliwa. Ukishazoea ongeza Instagram, nayo bure.

Mkopo wa simu ndo usiuguse kabisa. Kofia inashonwa mwezi, zile programu zinataka pesa yao ndani ya wiki chache na riba juu, sasa utalipa na nini wakati kofia haijauzwa? Na ukichelewa wanawapigia watu waliomo kwenye simu yako, wakwe wa zamani, mwalimu wa mtoto, kila mtu ajue unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na zikifungwa huja nyengine kwa majina mapya. Siku biashara ikishasimama na ukahitaji mashine au mtaji wa kweli, kuna wakala wa serikali wa uwezeshaji, ZEEA, nenda kaulize masharti yao ukiwa na hesabu zako mkononi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mtu mwenye mtaji mdogo anauza kwanza ndo anatengeneza. Wewe una bahati kubwa hapa mana bidhaa yako ni ya kushonwa, mteja wa kofia ya mkono anajua inachukua muda na yuko tayari kungoja ilimradi aambiwe ukweli. Kwaiyo hukai na mzigo. Unaweka picha za kofia mbili ambazo mama ameshazimaliza, unasema nyengine kwa oda, mteja anachagua kiua, anakupa kipimo cha kichwa, anatoa arbuni, yani malipo ya kutangulia, nusu ya bei, mama anashika sindano. Ikimalizika unampigia picha na video, akiridhika anamalizia nusu iliobaki, ndo kofia inapanda gari.

Haya si mambo mageni kwetu. Kulipa mbele kwa kitu kitakachokuja baadae kupo katika dini, mfano ile bei ya salamu, na Mtume s.a.w. alielekeza mwenye kufanya hivo afanye kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Hayo mawili ndo yanayovunja biashara nyingi za mtandaoni, mtu kachukua pesa, kipimo hajauliza sawasawa, muda kasema "karibuni tu inshaallah", mteja anangoja mpaka anakata tamaa anaenda kukuandika vibaya. Mama akishona kwa mwezi wewe sema wiki 6. Akiugua, mtoto akiugua, umeme ukikatika usiku, bado upo ndani ya ahadi. Na hiyo arbuni usiile. Toa ya kitambaa na nyuzi, iliobaki iweke pembeni mpaka kofia ifike. Mteja akighairi, kofia si inauzika kwa mwengine? Ikiuzika mrudishie mtu pesa yake. Kuizuia arbuni ya mtu aliyeghairi, wanavyuoni wetu wengi wa madhehebu ya Shafi hawaikubali, na hata ukiweka dini pembeni, huyo uliemrudishia atakuleteeni wateja. Ila mwambie hivo mapema, mwandikie kwenye meseji kabla hajatuma hata shilingi, pesa itarudi kofia ikipata mwenyewe mwengine.

Kipimo cha kichwa nataka tukae nacho kidogo, mana hapo ndo hasara yako ya kwanza ipo. Kofia ikiwa ndogo haivaliki na ikiwa kubwa inashuka masikioni, na kuirudisha Pemba kuibadilisha ni nauli mara mbili. Usikubali mteja akwambie "changu cha kawaida". Mwambie achukue tepu ya fundi, aizungushe juu ya masikio ikipita katikati ya kipaji cha uso, isikaze isilegee, kisha ampe mtu ampige picha tepu ikiwa kichwani namba ionekane. Picha hio unaihifadhi. Kama hana tepu atumie uzi aupime kwenye rula. Na umuulize kama ataifua na kuitia wanga mwenyewe, mana asiyejua anaweza kuiharibu kwa mfuo mmoja, muandikie maelezo mafupi uyatie ndani ya mfuko.

Picha sasa. Kofia ni nyeupe, ukiiweka juu ya shuka nyeupe haionekani kitu. Tafuta kaniki, kile kitambaa cheusi, iliyooshwa, isiyo na mikunjo, itandike barazani asubuhi jua likiwa bado la pembeni, kiua kinatoka chote kile, kila kitundu unakiona. Piga juu, piga ubavu, halafu pindua upige na ndani. Ya ndani ndo muhimu zaidi mwanangu! Madukani zimejaa kofia za mashine zinazotoka nje, rahisi sana, na mteja aliyeko Dar au Maskati khofu yake kubwa ni kuuziwa hizo kwa bei ya mkono. Mtu anaejua kofia akiiona sehemu ya ndani anajua mara moja. Kisha chukua video fupi, mikono ya mama tu na sindano inavyoingia na kutoka, ngoja atoe uzi, basi. Uso wake usiuweke, wala wako. Hapo na baba yako mdogo umeshamjibu bila kubishana nae, mana kwenye peji yako hakuna mtoto wa kike aliyejianika, kuna kofia na mikono. Mwoneshe kabla hujaiweka hadharani, mfanye awe wa mwanzo kuiona. Na kama ana nafasi mwombe awe ndie anaekupelekea mizigo kwenye boti na umlipe nauli yake. Mzee akipewa kazi kwenye jambo hulilinda.

Bei. Usipange 80,000 kwa sababu umeiona Darajani, yule ana duka, ana kodi ya mlango, na mteja ameishika kofia kwa mkono wake. Wewe mtu hakujui bado. Tuseme uanze na 65,000 na usafiri juu ya mteja. Mama mpe 45,000, kitambaa na nyuzi humo humo, hiyo ni 10,000 zaidi ya ile 35,000 anayopewa sasa, na mpe kama malipo yake khasa, usiseme tupo nyumba moja tutagawana, mana siku ya siku yeye ndo kakesha. Makato ya kutoa pesa na bando weka 3,000. Inakubakia 17,000 wewe, kwa kupiga picha, kujibu meseji saa nne usiku, kupima, kufunga na kusafirisha. Ni pesa ndogo kwa mwezi wa kwanza lakini ni ya halali na haidaiwi na mtu. Andika kila kitu kwenye daftari, hata vocha ya 500.

Na ile 60,000? Kitambaa na nyuzi za oda mbili za mwanzo, chukulia 20,000, arbuni ikiingia uirudishe. Bando 10,000. Nauli ya kwenda kuulizia mizigo na mifuko ya kufungia 5,000. Iliobaki 25,000 isiguswe, hiyo ndo ya siku kofia imerudi au mzigo umelowa, na siku hiyo ipo.

Wateja utawapata wapi, maana peji kuwepo haina maana watu watakuja. Anza na namba ulizonazo. Ulikaa Unguja, una majirani, una mashoga, una watu wa harusini juzi. Waombe wakusevu, mana ukituma tangazo kwa orodha ya WhatsApp, yani ile meseji moja kwa watu wengi bila grupu, inamfikia yule tu aliyekusevu kwenye simu yake, asiyekusevu haioni na wewe utadhani wamekupuuza. Stetasi weka mara chache tena picha nzuri, picha thelathini kwa siku watu wanakuzima. Halafu watafute mafundi wa kanzu. Bwana harusi anapokwenda kupimwa kanzu ndo saa hiyo hiyo anafikiria kofia, ukimpata fundi mmoja Unguja na mmoja Dar ukawaambia kila kofia watakayokuletea wana 5,000 yao, itoe kwenye ile 17,000, utakuwa umepata muuzaji bila kumlipa mshahara. Na hesabu miezi. Mteja wa Idi akikutafuta mwisho wa Ramadhani umeshachelewa, tangazo lako la Idi ni Rajab na Shaaban, la Maulidi ya Mfunguo Sita litoke Mfunguo Nne.

Ndugu zetu walioko Maskati, Dubai na Uingereza watakuulizia tu, hao wanazitamani kofia za kwao. Usihangaike kwanza na kutuma nje, EMS ya Posta ni ya uhakika lakini kwa kofia moja gharama inaweza kumtisha mteja. Muulize nani ndugu yake Unguja, mpelekee huyo, wao watapelekeana kwa msafiri. Ukimpa msafiri wewe mwenyewe mfuko usiufunge gundi, muache afungue aone ni kofia.

Mzigo wa Unguja unaweza kupanda boti Mkoani, nenda kaulize mwenyewe utaratibu na bei kabla hujamtajia mteja. Juu ya mfuko andika jina na namba ya anaepokea kwa kalamu isiyofutika, ndani tia karatasi nyengine yenye hayo hayo, nailoni kwanza ndo gunia au boksi. Piga picha mzigo na risiti, mtumie mteja papo hapo.

Suala la laini ni kubwa kuliko unavyodhani. Mtu anapotaka kukutumia pesa, kabla hajathibitisha anaoneshwa jina. Peji inasema Kofia za Mama, anaongea na dada, jina linakuja la mwanamme, atakimbia na ana haki ya kukimbia. Kasajili laini kwa jina lako kwa namba yako ya NIDA na alama ya kidole, ndo uwe nayo ya biashara peke yake. Tena pesa ikiingia kwenye laini ya kaka ni ya kaka, hata kama hana nia mbaya, siku ana shida ataitumia.

Kutapeliwa, utajaribiwa, nakwambia mapema. Ya kwanza ni meseji ya malipo ya bandia, inafanana kabisa na ya kweli ila imetoka kwenye namba ya mtu. Skrinshoti usiiamini, meseji usiiamini, ingia kwenye menyu yako angalia salio, pesa ipo ndo unatuma mzigo. Ya pili ni "nimekosea nimekutumia zaidi, nirudishie 40,000", usirudishe kwa mkono wako, wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako. Ya tatu ni mteja wa nje anaetaka kofia mia moja na anataka ulipe kwanza ada ya wakala wake. Namba ya siri humpi mtu, hata akisema yeye ni wa kampuni ya simu. Meseji za kitapeli zipeleke 15040, bure.

Karafuu, toa kwenye mpango wako leo leo. Wewe ni mtu wa Pemba unajua, karafuu kavu mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na kuisafirisha kienyeji ni magendo, utakamatwa bandarini na kofia zako ndani. Visheti ni chakula, vina taratibu zake za usalama na vinavunjika njiani. Udi kila mtu anauza. Mikoba ya ukili mizuri, iache ije baadae kofia zikishajulikana. Peji yenye kitu kimoja ikifanya vizuri, mtu anaikumbuka, "yule wa kofia za Wete". Iliojaa kila kitu haikumbukwi na mtu.

Nimemuacha yule bwana mpaka sasa mana ndie anaemtia mama wasiwasi, na wasiwasi wake nauheshimu. Alikupeni pesa mgonjwa akiwa kitandani, hilo si dogo. Kwanza ulizaneni kama ile pesa imeshalipwa yote, kama kuna kofia anadai ishonwe apewe kabla ya oda yoyote ya mtandaoni. Pili msimkate. Nyumba yenu inatoa kama kofia mbili kwa mwezi, ya mama mdogo iendelee kwenda kwake kama kawaida, ya mama ndo uijaribie mtandaoni miezi mitatu. Akiuliza, mama amwambie ukweli kwa heshima kwamba binti anajaribu kuuza moja moja. Usimseme vibaya kwenye peji, usiweke ile hadithi ya Darajani, haimsaidii mteja na itamfikia. Baada ya miezi hiyo mitatu mtakuwa na hesabu, na mama ataamua mwenyewe. Anaweza akaamua kubaki nae nusu kwa nusu, pia sawa, mana mtandaoni kuna miezi kimya kabisa na yeye huja kila mwezi.

Jina la peji nimelipenda, mama yupo na Pemba ipo. Litafute kwanza Instagram na Facebook uone kama kuna mtu kashalichukua, likiwa huru litumie hilo hilo kote na namba ile ile moja. Watu wa bara kwenye video zao watakwambia ukasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa bara, hiyo ni ya kwao, sisi Zanzibar jina la biashara linasajiliwa BPRA, wakala wetu wa usajili, na mambo ya kodi pita ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, uulize. Ukishaona oda zinakuja kila mwezi bila kukatika, nenda ukalisajili, kabla mtu mwengine hajalipenda.